Tulidhani Mzee amekataa kula, kumbe maikrowevu ilikuwa kwenye moto wa mwisho

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili la mapishi, ila si mchangiaji. Juzi mdau mmoja aliuliza aiweke maikrowevu yake kwenye power level ipi, yaani moto wa kiasi gani, anapopasha chakula cha mama yake mgonjwa. Akajibiwa kwa utani kwamba azungushe hadi mwisho, mambo ya kusubirisubiri ni ya nini.

Nilisoma jibu lile nikashindwa kuendelea na kazi iliyokuwa mezani kwangu.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Niliyoyaona nitayaeleza kama yalivyokuwa, na pale ambapo sina hakika nitasema wazi kwamba sina hakika. Ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipokuwa limeshafika hadi mikoani. Mimi nilikuwa chuoni Dar, katikati ya shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Nyumbani kwetu ni Singida mjini, Utemini, ingawa sisi ni Wanyiramba na asili yetu ni kijiji cha Kinyangiri, ambako ndugu wengi wa baba bado wanalima na kufuga.

Kaka yangu mkubwa, nitamwita Kaka Saidi, alikuwa ananunua alizeti Iguguno na kuipeleka Dar. Tukiwa wadogo kazi hiyo ilikuwa ya ushirika peke yake. Sasa kila mwenye gunia na mzani alikuwa mfanyabiashara.

Katika safari moja alirudi na maikrowevu ya mtumba, iliyoshuka bandarini pamoja na mafriji na televisheni za wazungu. Mtaa mzima ulikuja kuiangalia.

Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua pale nyumbani, na mengine yalikuwa yamefutika. Ilikuwa na swichi mbili za kuzungusha. Ya juu ilikuwa ya muda, hilo lilieleweka haraka kwa sababu ililia kengele. Ya chini hakuna aliyejua ni ya nini. Muuzaji alikuwa ameiacha imezungushwa hadi mwisho, na kaka akatoa amri kwamba isiguswe na mtu, isije ikaharibika.

Ikabaki hivyo.

Baadaye baba yetu akapatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea na kufa ganzi: mkono, mguu, na nusu ya uso. Maneno yakawa yanatoka polepole, mengine yanaishia njiani. Mkono wa kulia ulibaki mzima, hivyo aliweza kujilisha mwenyewe, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hilo lilikuwa heshima ya mwisho ambayo asingekubali kunyang'anywa.

Aliyemhudumia ni mke wa kaka, wifi yangu Mwanaidi. Naomba mnielewe kuhusu huyu mwanamke. Alikuwa anachekecha unga wa uwele mara mbili ili uji usiwe na chembe za kumpalia mgonjwa. Alikuwa anaponda viazi kwa supu ya kuku hadi vinakuwa laini kama chakula cha mtoto. Mimi niliyezaliwa na yule mzee sina hakika kama ningefanya hayo kila siku bila kununa.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyumbani kwetu, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki.

Chakula cha Mzee kikishapakuliwa kwenye bakuli lake, hakionjwi na mtu mwingine. Kuonja ni jikoni, chakula kikiwa bado kwenye sufuria. Kikishaingia bakulini ni chake, na anayechovya kijiko humo amekula kabla ya baba. Kwa mkwe jambo hilo ni zito zaidi. Tena mkwe hakai kumtazama baba mkwe anapokula. Anaweka chakula, anapiga goti, anaondoka. Sisemi kila nyumba ya Kinyiramba iko hivyo. Nasema yetu ilikuwa hivyo.

Kwa kuwa Mzee alikula taratibu, na wakati mwingine alikuwa amelala chakula kikiwa tayari, bakuli lilikuwa linapoa. Wifi akawa analipasha kwenye maikrowevu. Ilionekana ni neema kubwa: hakuna kuwasha mkaa upya kwa ajili ya bakuli moja la uji.

Baada ya muda Mzee akaanza kukataa chakula.

Hakugomba. Alichota kijiko kimoja au viwili, akakiweka chini, akageuza uso ukutani. Mwili ukaanza kuisha. Hospitalini wakamwangalia, wakaona ana vidonda mdomoni, wakampa dawa ya kupaka. Wakaeleza pia kwamba wapo wagonjwa wa kiharusi wanaopoteza hamu ya kula. Siwalaumu, kwa walichokiona lilikuwa jibu la busara.

Kaka akanipigia simu idarani. Alisema sentensi mbili tu.

"Njoo nyumbani. Shangazi ameshafika."

Anayewajua watu wetu ataelewa kwamba sentensi ya pili ndiyo iliyonimaliza nguvu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hatoki Kinyangiri kwa mafua. Akitoka, amekuja kumchukua mtu.

Nilifika nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nikamwamkia Shangazi.

"Marahaba. Umekuja na vitabu tena? Baba yako haumwi vitabu."

"Anaendeleaje, Shangazi?"

"Anaendelea kuondoka. Jumamosi gari linakuja, tunampeleka nyumbani. Mtu akatae chakula mjini, kwenye nyumba ya kupanga? Akapumzike kwake."

Sote tulijua maana ya kupumzika. Mgonjwa aliyeacha kula akirudishwa kijijini, hapelekwi kutibiwa.

Mzee alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Masikio yake hayakuwa na kiharusi.

Jikoni nilimkuta wifi anakoroga uji, amenipa mgongo.

"Wifi, umefika," alisema bila kugeuka. "Mimi nimepika kila ninachokijua. Shangazi anasema tangu lini Mzee akakataa uji, labda aulizwe anayeukoroga. Amesema kwa sauti, majirani wote wamesikia."

"Achana na Shangazi."

"Nitaachana naye vipi? Mzee akifia mikononi mwangu akiwa hali chakula, hilo neno si nitazikwa nalo?"

Nawaambia ukweli wakuu, mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, lakini pale kichwa kilikuwa kitupu kabisa.

Niliamua kufanya jambo dogo. Mimi ni binti wa kuzaa, naruhusiwa kukaa na baba anapokula. Nikakaa.

Wifi alitoa bakuli kwenye maikrowevu. Lilikuwa bakuli la plastiki. Akalishika kwa viganja viwili kama tunavyopima sufuria au chungu, akasema, "Bado la baridi," akalirudisha kuongeza muda. Kisha akalileta, akapiga goti, akatoka.

Mzee akachota.

Nataka mtazame alichota wapi. Alichota pembeni. Kila mmoja wetu hapa amefundishwa hivyo tangu utotoni: uji wa moto unaanzia pembeni, maana ndipo unapopoa kwanza. Katikati unapaacha hadi mwisho. Na Mzee alipeleka kijiko upande wa kushoto wa mdomo, kwa sababu hospitalini waliwahi kumsisitiza kuufanyisha mazoezi upande uliolegea, naye akachukulia kwamba hata kula ni kwa upande huo.

Kijiko kilipopasua utando wa juu, mvuke ulitoka kama kwenye birika.

Uso wake haukubadilika. Alimeza. Lakini jicho la kulia lilijaa machozi, likashuka chozi moja hadi kwenye ndevu. Akaweka kijiko.

"Nimeshiba."

"Baba, ni wa moto?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

Nikamwomba nimwangalie mdomo. Alikataa. Nikasubiri, nikaomba tena, mwishowe akafungua. Kwa mwanga wa tochi niliona vidonda vimejaa ndani ya shavu la kushoto na ukingo wa ulimi wa upande huo. Kulia palikuwa na wekundu tu.

Mimi si daktari. Lakini nilijiuliza swali ambalo mtu wa maabara yoyote angejiuliza: ugonjwa gani wa mdomo unaochagua upande, na uchague ule ule usiosikia maumivu?

Nilirudi jikoni nikachukua uji uliobaki, nikautia kwenye bakuli lile lile, nikaupasha kama wifi alivyofanya. Bakuli kwa nje lilikuwa la uvuguvugu tu. Nikachovya kidole katikati: vuguvugu. Nikachota pembeni nikatia mdomoni.

Niliutema kwenye beseni. Ngozi ya mdomo wangu wa chini ilibanduka, na mdomo wangu mimi unasikia moto.

Mnaelewa sasa. Kwenye jiko la kuni au mkaa joto linapita kwenye chombo kwanza, kwa hiyo ukishika chombo umeshajua chakula. Hii mashine inapita chombo inakwenda moja kwa moja kwenye chakula, na ikiwa kwenye full power, yaani moto wa mwisho, inapiga pembeni kwa ukali kabla joto halijasafiri kwenda katikati. Uji mzito ndio mbaya zaidi, kwa kuwa haujikorogi wenyewe kama maji. Viganja vya wifi vilidanganywa. Kijiko cha Mzee pia kilidanganywa. Na mtu pekee ambaye angegundua ni yule ambaye angeonja, na kwetu haonji mtu.

Nikazungusha ile swichi ya chini iliyokatazwa.

Niliirudisha hadi katikati, nikasikiliza. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Nilifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja. Swichi yenyewe ilikuwa ya kupunguza moto. Ilikuwa inafanya kile kile mpishi anachofanya anapovuta ukuni nyuma: mashine inapiga, inapumzika, na katika kupumzika joto linapata nafasi ya kuingia ndani. Niliharibu uji mwingi jioni ile. Nikiipunguza mno, uji unabaki baridi. Kwenye nafasi ya katikati, nikitoa na kukoroga njiani, kisha nikiuacha utulie kabla ya kuupeleka, pembeni na katikati vilikuwa sawa.

Kaka aliingia akanikuta.

"Nilisema isiguswe hiyo!"

"Kaka, umenunua jiko halafu ukatukataza kupunguza moto."

Alisimama akaniangalia mdomo uliovimba, akavuta kigoda akakaa. Nilimweleza.

Sasa likaja la kuwaza, na hapa ndipo nilipotikisika kuliko mahali pengine popote.

Ningeweza kunyamaza, nibadili swichi tu. Mzee angekula. Lakini wifi angebaki na lile neno la Shangazi mgongoni maisha yake yote, na kesho mtu mwingine angeizungusha tena hadi mwisho. Ningeweza kusema. Lakini nikisema, maana yake ni moja tu: aliyemuunguza Mzee siku zote ni yule aliyempenda kwa vitendo kuliko sisi sote, na Shangazi angepata alichokuwa anakitafuta. Niliyapima pande zote hadi nikachoka. Kaka ndiye aliyeniambia, "Sema mbele ya Mzee. Kwa Mzee hakuna atakayepiga kelele."

Kesho yake mchana tukakusanyika chumbani kwa baba. Nilileta mabakuli mawili ya uji, moja nimelipasha kwa moto wa mwisho, jingine kwa moto wa katikati. La kwanza nililiacha lipoe kidogo ili lisimuumize mtu. Nikamwomba Shangazi alishike.

"Hili mbona baridi?" alisema. "Ndiyo mnampa mgonjwa?"

"Chovya kidole, Shangazi. Pembeni."

Akachovya, akakitoa haraka akakitia mdomoni. "Mama yangu wee! Hicho kikabati chenu cha jikoni kina nini?"

"Hata redio ulisema ina majini," kaka alisema.

"Na haina?"

Hakuna aliyecheka. Nilieleza kwa maneno machache kadiri nilivyoweza: chombo kinadanganya, pembeni panaunguza, shavu la Mzee halisikii, swichi ilikuwa imefungwa kwa amri, na sote humu ndani hatuonji. Nilitumia neno "sote" mara nyingi kwa makusudi.

Haikusaidia. Wifi alikuwa ameshaelewa. Aliteremka polepole hadi sakafuni, pale mlangoni alipokuwa amesimama.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Shangazi akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Mzee akainua mkono wa kulia.

Alihangaika na maneno. Tulisubiri.

"Nilijua... moto," alisema. "Sikutaka... asemwe."

Wakuu, mzee yule alikuwa anasikia. Si kwa shavu la kushoto, bali kooni na upande wa kulia. Alijua kabisa kinachomuunguza. Lakini kulalamika kwamba uji wa mkwe unaunguza, huku majirani wanasikiliza, na sasa dada yake yumo ndani ya nyumba, kungekuwa kumtia mikononi mwao. Akaona afadhali aseme ameshiba. Alikuwa tayari kupandishwa gari Jumamosi akiwa ameshiba.

Kisha akalisukuma bakuli la pili, lile la moto wa katikati, kuelekea mlangoni.

"Mama," alimwita wifi. "Onja."

"Baba, siwezi."

"Onja."

Wifi alitutazama mmoja mmoja. Kaka aliinamisha kichwa. Aliyesema ni Shangazi, aliyelelewa ndani ya desturi ile kuliko sisi wote.

"Mwenye bakuli amesema. Unamsubirisha nani, mwanangu? Onja, uji unapoa."

Wifi alisogea kwa magoti. Akachukua kijiko, akageuka upande ili asimtazame baba mkwe wake usoni, akachota pembeni akaonja. Akachota katikati akaonja. Uji mwingine ukamwagika kwenye khanga.

"Ni vuguvugu, baba. Pande zote."

Mzee alikula. Hakumaliza, vidonda vilikuwa bado vibichi. Lakini alikula, na wifi kwa mara ya kwanza alibaki chumbani hadi mwisho.

Jumamosi gari lilikuja. Shangazi akapanda peke yake, na kabla ya kuondoka alimwita wifi pembeni, wakazungumza kwa Kinyiramba kwa sauti ya chini. Waliyozungumza siyajui, na sikuwahi kuuliza.

Baba yetu hayupo tena. Kiharusi kilirudi baadaye, kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Ila hakuondoka na njaa, na hakuondoka akiwa ameutazama ukuta.

Kwa mdau aliyeuliza, na kwa wengine wenye mashine hizi majumbani, nieleze ninachokijua sasa.

Full power iachieni maji, chai na supu nyepesi, vitu vinavyojikoroga vyenyewe. Hata hivyo koroga kabla ya kunywa. Uji mzito, viazi vya kuponda, wali, nyama yenye mchuzi mzito na chochote chenye maziwa, teremsheni hadi katikati. Ukitoa katikati ya safari ukakoroga, ukarudisha, utapata chakula kilichopashika sawasawa. Nyama iliyoganda inataka nafasi za chini kabisa, la sivyo pembeni itaiva na ndani itabaki barafu. Maikrowevu hazilingani nguvu, kwa hiyo nafasi ya katikati ya kwako inaweza kuwa kali kuliko ya kwangu. Jaribu na chakula chako mwenyewe kwanza, usijaribie kwa mgonjwa wala mtoto.

Ukishatoa, acha kitulie. Usipime kwa kushika bakuli.

Halafu onja. Onja pembeni, onja katikati. Najua zipo nyumba ambamo kuonja chakula cha mkubwa ni utovu wa adabu, na siwezi kuingia kwenye nyumba za watu kufuta desturi zao. Ninachosema ni kwamba mwombeni ruhusa mwenye bakuli. Labda amekaa siku zote anasubiri mtu amuulize.

Mimi nimemaliza. Walio na ujuzi wa mashine hizi wanisahihishe nilipokosea, hasa kuhusu vyombo vya plastiki ambavyo bado sina uhakika navyo. Na ninyi mnaouguza wazee, ningependa kusoma kutoka kwenu: kwenu nani anaonja?